Naombeni ushauri: nyumba za mji mdogo wa reli, nitumie boksi au plastiki?

Mwana wa Kota: Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Nina meza ya plaiwudi futi 8 kwa 4 hapa sebuleni. Juu yake natengeneza mji wa Mombo wa zamani, na treni ndogo ya umeme inazunguka. Reli imeshakaa, milima ya Usambara nimeianza kwa magazeti na plasta. Nimekwama kwenye majengo: stesheni, kota sita, tanki la maji, godauni la mkonge, maduka mawili na msikiti. Stesheni ya boksi niliyoijaribu imepinda ndani ya wiki moja. Niendelee na boksi au ninunue plastiki? Nimebakiwa na wiki tano na usingizi sipati.

Fundi Bati: Limepinda kwa sababu umelipaka rangi upande wa nje tu. Paka na ndani siku hiyo hiyo, weka vijiti vya mishikaki kwenye pembe, tumia gundi ya mbao. Uji wa unga usiuguse, mende watakula msikiti. Ila tuambie kwanza: unajenga kwa kipimo gani?

Bibi Tausi: Umenikumbusha mbali mwanangu. Mimi nimekulia kambi ya mkonge karibu na Korogwe. Treni ikipiga honi tunatoka mbio na sinia za machungwa, abiria wananunua dirishani, wengine treni inaondoka hawajalipa. Mama yangu alikuwa akiwajua kwa sura, safari ya kurudi anawadai. Weka na wauza machungwa, stesheni bila wao ni ukuta tu.

Kipanga: Uzi bila picha haunogi.

Mwana wa Kota: Picha nitaweka ikikaa vizuri. Bibi, machungwa yatakuwepo. Fundi, kipimo ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi.

Fundi Bati: Na kutoka chuma cha reli hadi chuma kingine ni milimita ngapi?

Mwana wa Kota: 16.5. Ndiyo niliyoletewa, pamoja na treni yake. Na niseme ukweli, nyumba saba za plastiki za Kijerumani nimeshaagiza, ziko njiani. Reli ya Tanga si waliijenga Wajerumani? Walianza Tanga 1893, wakafika Mombo 1905. Nikizipaka chokaa naona zitakubali.

Kipanga: Wajerumani walijenga reli, hawakuleta mapaa ya kumwaga theluji. Kwa joto lile la Mombo theluji itoke wapi?

Fundi Bati: Paa ni shida ndogo. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata milimita 1,435, huo ni upana wa SGR. Reli ya Mombo ni ya meta moja. Kwa 1:87 ulitakiwa ununue reli ya milimita 12.

Kipanga: Hongera mkuu, Mombo imepata SGR kabla ya serikali kufika.

Mzee Kondo: Vijana, mtu mzima anachezea treni sebuleni? Hizo fedha ungemkatia mzazi wako bima ya afya. Nasema kwa nia njema.

Mwana wa Kota: Mzee Kondo shikamoo. Bima ya mzazi nimelipa. Na reli siing'oi, nimeshaigundisha na kuimwagia kokoto. Nilichouliza ni boksi au plastiki.

Bibi Tausi: Mwanangu, mbona umeshtuka alipotaja mzazi? Hizo wiki tano ni za nini?

Mwana wa Kota: Haya. Baba anahamia kwetu kutoka Upare, moja kwa moja. Alikuwa msaidizi wa stesheni masta Mombo. Sasa kumbukumbu zinamtoka. Jina langu hulikosa, ila kila jioni anasimulia mji ule: tanki, mibuyu, kota yetu, na injini kubwa nyekundu yenye jina la mlima wa kwetu, Shengena, inavyopita nyuma ya jiko letu hadi vikombe vinagongana. Nataka akiingia aukute mji wake.

Abiria wa Daraja la Tatu: Wakuu, hii ni chai. Mount Shengena ni namba 5930, daraja la 59 la reli za Afrika Mashariki. Ziliundwa 34 tu, kila moja takribani tani 250, na kazi yake ilikuwa njia ya Mombasa–Nairobi. Nimeishika kwa mkono kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Mombo ilipita lini? Mtu anatunga baba mgonjwa tumwonee huruma.

Kipanga: Chai yenye tangawizi na iliki. Ndiyo maana picha hakuna.

Mzee Kondo: Nami nilihisi. Uongo kwa jina la mzazi ni laana.

Bibi Tausi: Msimhukumu, mwacheni aseme.

Mwana wa Kota: Abiria, umesema kweli, na nilijua kuna kitu hakikai sawa. Leo nimempigia shangazi. Baba alianza kazi Voi, upande wa Kenya, alikuwa akibadilisha njia za treni. Shirika lilipovunjika 1977 na mpaka kufungwa, akarudi na sanduku moja, ndipo akapangiwa Mombo. Mimi nimezaliwa Mombo, Voi hajawahi kunitajia kwa jina. Kumbe jiko lile si letu. Miji miwili imekuwa mmoja kichwani mwake. Sasa sijui hata najenga mji gani.

Abiria wa Daraja la Tatu: Nisamehe ndugu yangu. Na ukiangalia, kuchanganya si ajabu. Voi ina kilima cha Sagala juu yake, Mombo ina Usambara. Kote mkonge, kote mibuyu. Tena ilikuwa reli moja: kutoka Voi unapita Taveta hadi Kahe, pale unaingia njia ya Tanga na kushuka Same hadi Mombo.

Fundi Bati: Basi meza umeipata. Voi kushoto, Mombo kulia, Taveta na Kahe zipite ndani ya mlima wako wa magazeti. Injini iingie upande mmoja itokee wa pili. Reli usiing'oe, badilisha nyumba: jenga kwa 1:60. 16.5 mara 60 ni milimita 990, hiyo ndiyo meta yako. Mlango wa meta 2 unakuwa milimita 33, hata jicho la mzee litauona. Bati: funga karatasi ya foili juu ya kadi laini, viringisha bolti ya milimita 8 kwa kuikandamiza. Meno yake yameachana milimita 1.25, ambayo kwa 1:60 ni milimita 75, mkunjo wa bati halisi. Kutu paka kwa unga wa chaki ya kahawia. Mibuyu na miembe, tumia dodoki.

Mwana wa Kota: Na injini? Ni ya 1:87, itakuwa kama mtoto.

Fundi Bati: Ivue gamba, mota na magurudumu yabaki. Jenga mwili wa boksi juu yake, paka nyekundu iliyoiva.

Mwana wa Kota: Zile za Kijerumani nitazikatakata nitoe madirisha, sitazitupa. Jioni hii nimeipeleka ile stesheni iliyopinda kwa baba, yuko kwa shangazi. Ameizungusha mkononi, akauliza: "Benchi liko wapi?" Nikamwambia bado. Akasema lilikuwa la slipa kuukuu, yale magogo ya kulazia reli, chini ya saa, na yeye alikaa mwisho upande wa tanki. Sijamuuliza ni Voi au Mombo.

Bibi Tausi: Usimuulize. Liweke.

Mwana wa Kota: Fundi, slipa ya meta 2 kwa 1:60?

Fundi Bati: 33, sawa na mlango. Chonga kijiti cha mshikaki kiwe bapa, kipitishe kwenye majani ya chai yaliyolowa kipate rangi. Kitakauka usiku huu.