Naomba ushauri: nimekwama Mambo ya Walawi

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, nimeokoka mwaka wa nne sasa, lakini Neno nalijua la kusikia mimbarani tu. Juzi abiria wangu, mzee Mwislamu, kaniuliza Injili ya Marko ina sura ngapi. Nikababaika! (Ni 16, nimeshahesabu.) Yeye Kurani yake huisoma kila alfajiri.

Basi nikaanza Biblia na kitabu cha Mwanzo. Kitabu cha Kutoka nacho nilikwenda vizuri, ila Walawi, zile sheria za sadaka na ukoma, usingizi mtupu. Nasoma mchana stendi nikingoja abiria, na joto hili letu mwalijua.

Niruke nianze Marko, au nivumilie? Mwaandika kwenye daftari? Mke wangu ataka tusome usiku kwa sauti. Naona haya kidogo, nasoma polepole.