Wageni wa kuwinda kulungu kwa upinde kwenye shamba letu la kukodi, sheria ya dume mkubwa iwabane na wao?

Mwenye_Podo
Habari zenu wadau. Sisi tuko Kentucky, Marekani, watu sita, tumekodi shamba la kuwindia la ekari 200 hivi, mwaka wa nne sasa. Tulikubaliana tangu mwanzo hakuna kupiga dume ambaye hajafika miaka mitatu na nusu na kweli imesaidia, zamani kwenye kamera tunazofunga porini ilikuwa vidume vya mwaka mmoja na nusu vitupu, siku hizi mwezi wa 11 ukifika unaona dume shingo imevimba kama ng'ombe. Sasa mwaka huu tumeongeza wageni wawili, shemeji yangu na dada mmoja tunayesali naye, kozi ya usalama wamemaliza na leseni wanazo. Jumamosi shemeji kapiga kidume chenye pembe za ncha nne, yadi 18, mshale umepita mapafu yote mawili, kaanguka palepale anamwona. Kanipigia simu sauti inatetemeka kwa furaha. Hata hatujamchuna, mzee mmoja wa kundi kaandika WhatsApp "mmeshaua dume kubwa la mwaka keshokutwa". Shemeji tangu siku hiyo kimya, na upinde kaurudisha kwenye boksi lake. Nyie wenye mashamba ya pamoja mnafanyaje?

Mzee_wa_Mialoni
Mdogo wangu, huyo mzee hoja anayo ila kaitoa wakati mbaya na mbele za watu. Mimi niko kwenye mashamba ya pamoja miaka mingi, kinachovunja kundi ni sheria ambayo kila mtu anaisoma kivyake. Kaeni kabla ya msimu kuanza Septemba ijayo muandike kabisa: mgeni dume wake wa kwanza ni yeyote anayeruhusiwa na sheria ya jimbo, akishampata anaingia kwenye sheria ya wote. Piga hesabu, Kentucky kila mwindaji dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwaka, wageni wenu ni wawili, kwa hiyo mnapoteza vidume viwili mara moja basi. Halafu vidume vya umri ule vingi vinahama vilikozaliwa, vinaenda maili kadhaa, uliyemwacha leo kesho yuko kwenye mahindi ya jirani na jirani hana habari na makubaliano yenu. Ekari 200 kwa kulungu ni kama uani tu.

dada_wa_mtini
Naomba niseme kama mtu aliyekuwa mgeni juzijuzi. Msimu wangu wa kwanza nilipewa kiti cha mtini cha kona ya nyuma karibu na barabara, kile ambacho hakuna anayekitaka, nikakaa asubuhi kumi na moja sijaona hata mkia. Upinde wa kuazima, uzito wa kuuvuta pauni 60, kuuvuta mpaka niinue mikono juu, sasa kulungu gani asikuone hapo? Nilishaamua kuacha. Mwaka uliofuata mama mmoja kwenye kundi akanitafutia wa pauni 42, tukafanya mazoezi nyuma ya nyumba yadi 20 kila jioni wiki nzima nzima, mwezi wa 10 akanipisha kiti chake kwenye mialoni ambako wanakuja kula matunda yaliyodondoka, yeye akaenda kukaa ile kona yangu mbaya. Nikapiga jike. Wanangu walikula ile nyama na ugali mpaka Krismasi. Nyie mnabishana umri wa dume, mgeni kwanza anataka aone kulungu!! Mpigie shemeji leo usingoje.

Fundi_Chembe
Naunga mkono dada. Naongeza majike, maana wengi wanadhani kutunza kulungu ni kuacha madume tu. Jike mzima kawaida anazaa wawili kila mwaka, wakizidi msitu unaliwa chini wote na hata hao madume mnaowasubiri hawanenepi. Kwa hiyo mgeni aanze na jike, angalieni zoni yenu ya uwindaji ya jimbo inaruhusu wangapi. Ila mfundisheni, kulungu mdogo anayekuja peke yake bila pembe mara nyingi ni kidume cha mwaka huu, pembe bado vifundo chini ya ngozi. Asubiri wasimame wawili watatu, achague mwenye pua ndefu na mwili mrefu. Na jambo la mwisho hili nalisisitiza sana, mgeni asifuate damu peke yake, mshale ukiingia tumboni anaacha muda wa masaa manane au zaidi kabla ya kufuatilia, akikimbilia anamsukuma anampoteza na hiyo picha inamkaa kichwani. Mkanda wa kujifungia mtini avae akiwa bado chini, kabla ya kupanda.

Mwenye_Podo
Asanteni jamani. Nimeongea na mzee wetu karibu saa nzima, kumbe dume wake wa kwanza alikuwa na ncha tatu na baba mkwe wake ndiye aliyembebea mpaka kwenye gari. Kasema ataenda mwenyewe kwa shemeji Jumamosi na visu vyake wakamalizie kukata ile nyama. Kuhusu sheria tutaandika kama mlivyosema. Dada yetu mgeni nampisha kiti changu cha mialoni wikendi hii upepo ukiwa wa kaskazini, kona ya barabara nakaa mimi. Mwenye mkanda wa mtini saizi ndogo anauza aje inboksi, huo nilionao unamvuka.