Mwanangu kapona surua ila haishi kuumwa. Hii syrup ya kuongeza kinga inasaidia?

MamaChausiku: Habari zenu wakuu. Mwanangu ana miaka 3, aliugua surua, vipele vikaisha. Tangu hapo mara sikio linatoa usaha, mara kichomi, juzi kaharisha. Zamani hakuwa hivi. Jirani kanielekeza syrup ya kuongeza kinga, si ya bei rahisi. Aliyewahi kuitumia anijuze.

Bakari wa Pwani: Pole mama. Wangu nilimpa uji wa ulezi na karanga. Sasa yuko kidato cha pili, anamaliza sufuria peke yake.

DadaMaabara: Alichanjwa? Kuna mtoto mwingine hapo nyumbani?

MamaChausiku: Mimi nimeuliza syrup, dada.

DadaMaabara: Nauliza kwa sababu kirusi cha surua kinashambulia kinga yenyewe. Juu yake kina protini H, inayojishika kwenye SLAM, protini iliyo juu ya seli za kinga, zikiwemo zile zinazokumbuka magonjwa ambayo mtoto alishayashinda. Ikishashika, protini F inaunganisha utando wa kirusi na wa seli, kinaingia. Seli hizohizo zinakibeba mwilini mpaka njia ya hewa. Huko kinashika nektini-4, protini iliyo juu ya seli za njia ya hewa, kinazaliana, kinatoka na kikohozi. Nyuma yake seli nyingi za kumbukumbu zimekufa. Utafiti wa 2019 ulipima damu ya watoto wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya surua: walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao (protini za damu zinazotambua vijidudu) za magonjwa mengine. Hakuna syrup inayorudisha hizo. Sasa nijibu.

MamaChausiku: Hakuchanjwa. Na mdogo wake wa miezi 11 bado. Mkubwa nilimpeleka zahanati nikarudishwa, eti watoto hawajatimia. Nikarudi, vilevile. Mama mkwe akasema surua mtu huugua mara moja, akipona kamaliza. Mdogo nimeona akue kwanza, sioni ubaya.

Mzee Kanzu: Mtoto ni amana. Wazazi wa sasa foleni mnazikimbia, za vitenge mnazipanga.

JichoLaTatu: Uzi wa kutunga huu. Surua inabaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 mgonjwa akishaondoka chumbani, halafu mdogo wa nyumba hiyohiyo asiambukizwe? Kesho tutaletewa namba ya muuza syrup.

Bakari wa Pwani: Wauza syrup wamezidi, kweli. Shemeji yangu walimuuzia katoni nzima.

MamaChausiku: Mkubwa aliugulia kijijini kwa bibi yake, mdogo nilikuwa naye mjini. Sijataja hata jina la syrup. Mtoto anakohoa usiku kucha, nimtunge wa nini?

DadaMaabara: Nakuamini. Mama mkwe yuko sahihi kwamba surua hairudi, ila nimonia na kuhara vinarudi. Chanjo ina kirusi kilichodhoofishwa, haifuti kumbukumbu hiyo. Kuhusu kurudishwa: chupa moja ina dozi 10, ikifunguliwa inatupwa baada ya muda wa saa 6, ndiyo maana manesi wanasubiri watoto wafike. Uliza siku yao ya chanjo ya surua-rubela (rubela ni ugonjwa mwingine wa kirusi, chanjo ni moja). Miezi 11 wanampokea. Mkubwa naye apelekwe, rubela hajakingwa. Kikohozi hicho kionwe leo, na uulize kama alipewa vitamini A alipougua.

MamaChausiku: Hakupewa. Siku yao nadhani ni Alhamisi. Kadi ya mkubwa imebaki kijijini, watamkataa?

DadaMaabara: Hawamkatai. Wataandika mpya.