Aliyetekwa miaka 18 kapatikana hai, halafu watu wanamlaumu yeye?

Mangi_Pasua: Wakuu habari za jioni. Nipo saluni hapa Moshi, jamaa kaleta stori ya Jaycee Dugard, yule wa Marekani alitekwa 1991 ana miaka 11 akienda kupanda basi la shule, akapatikana 2009 na watoto wawili juu. Badala ya kushukuru Mungu watu wanauliza eti mbona hakukimbia?? Kinyozi kazima mashine nusu kichwa changu bado, anabishana. Nyie mnaonaje?

MamaNjoro: Akimbie aende wapi we Mangi, mtoto yule! Wangu alipotea Mbuyuni sokoni dakika 20 tu, nikamkuta kwa muuza ndizi kashika kiatu kimoja, hata jina lake halitoki mdomoni. Sasa weka miaka 18.

dogo_majengo: Mi nashangaa maofisa, mtekaji alikuwa katoka jela kwa masharti, wanaenda kwake kumkagua na mahema yapo uani hawaoni kitu. California ikamlipa Jaycee dola milioni 20. Huku ukikaanga nyama tu jirani kashajua

Shangazi wa Kibosho: Natascha Kampusch wa Austria alitoroka mwenyewe 2006 baada ya miaka 8 na bado walimsema. Kisa hakulia vile walivyotaka wao. Mxiuuu

Mangi_Pasua: MamaNjoro hiyo ya kiatu nimeisoma kwa sauti, kinyozi kimyaaa. Kamalizia, ila upande wa kushoto kapitiliza.