Mwenye ukumbi uliyetuzimia jenereta 89-89, leo unatuuzia mechi ile ile?

Wadau, hili nimelimeza miaka mingi lakini jana limenipanda hadi kooni. Nimepita Kaloleni hapa Kisumu, nikaona bango limepigiliwa kwenye mti: ukumbi fulani wa video (jina silitaji, tuliokesha humo tunaujua) unaonyesha marudio ya mechi ya saba ya fainali ya 2016 ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Golden State dhidi ya Cleveland. Kiingilio shilingi 200. Chini kuna picha ya Stephen Curry, nyota wa Golden State, na maandishi mekundu: 73-9, MABINGWA.

Mabingwa wa nani?

Simnyimi mtu haki yake. Golden State msimu ule wa 2015-16 walianza kwa kushinda mechi 24 mfululizo, tena kocha Steve Kerr yuko nje anauguza mgongo na Luke Walton ndiye anashikilia timu. Wakamaliza na ushindi 73 kati ya 82, wakaipita Chicago ya 1996 iliyoshinda 72, ambayo Kerr huyo huyo aliichezea. Curry peke yake alitia vikapu 402 vya pointi tatu. Mtaani kila kijana wa boda alikuwa Curry. Mimi nilikuwa mtu wa LeBron James wa Cleveland, na naapa nilijiona niko peke yangu kutoka Kondele hadi ziwani. Golden State walipoongoza fainali kwa mechi 3-1, jirani mmoja aliniletea sahani ya omena akisema ni chakula cha matanga ya Cleveland. Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Halafu mechi ya tano Draymond Green wa Golden State akafungiwa asicheze, LeBron na mwenzake Kyrie Irving wakafunga pointi 41 kila mmoja. Ya sita LeBron akafunga 41 tena. Ikawa 3-3, na jirani akaacha kunisalimia.

Basi ile ya saba ikachezwa saa tisa usiku kwa saa zetu, kuamkia Jumatatu tarehe 20 Juni. Stima ilikuwa imepotea, na hakuna aliyeshangaa, maana ni mwezi ule ule tumbili aliangukia transfoma kule kituo cha umeme cha Gitaru nchi nzima ikaingia giza. Tukalipa mia mia, jenereta ikawashwa, tukabanana kwenye mabenchi na mbu. Ilikuwa Ramadhani, kwa hivyo hata waliokuwa wameamkia daku walisimama mlangoni na vikombe vyao vya uji.

Robo ya nne. 89-89. Zimebaki dakika nne na kitu. Puu! Giza.

Akaingia mwenyewe na tochi na mkebe. "Petroli imeisha. Mbao mbao, ishirini kila kichwa, ama mwende mkalale."

Omera, tulimlilia. Akapita mstari kwa mstari, hana haraka, sarafu zinalia kwenye mkebe. Kuna mzee alitoa noti ya 50 wakaanza kubishana juu ya chenji ya thelathini. Chenji! Fainali iko sare!

Mnajua kilichopita humo gizani? Karibu dakika nne nzima hakuna timu iliyopata hata pointi moja. Andre Iguodala wa Golden State akaondoka na mpira, kikapu kiko wazi, LeBron akamfukuza kutoka nyuma akaubandika mpira kwenye ubao. Kisha Kyrie akasimama mbele ya Curry, sekunde 53 zimebaki, akaachilia wa pointi tatu: 92-89. Hayo yote yakitokea, mimi nimeinama natafuta shilingi ishirini ndani ya soksi.

Picha iliporudi, LeBron alikuwa chini sakafuni analia. 93-89. Hakukuwa na timu iliyowahi kunyanyuka kutoka 3-1 katika fainali, na mji wa Cleveland haukuwa umepata taji kubwa la mchezo wowote tangu 1964. Mimi nililiona likishangiliwa. Kushinda kwenyewe sikukuona.

Msiniambie eti iko kwenye simu. Nimeitazama mpaka nimeikariri, lakini pale unajua mpira utaingia. Usiku ule hakuna aliyejua.

Na wewe mwenye ukumbi, sasa naelewa kwa nini umeandika hivyo kwenye bango. Hukuona mwisho. Ulikuwa nyuma ya nyumba unahesabu sarafu. Tena yule kijana wako wa jenereta alikuja kuniambia baadaye kwamba tangi lilikuwa nusu.

Babua hilo bango. Mbao yangu uniletee mwenyewe. Jumamosi nakuja na petroli yangu ya jenereta, lita moja kwenye chupa, nakaa kiti cha mbele, na usithubutu kunisogezea mkebe.