Kabati la kuchora mwenyewe, kukatiwa na karakana: SketchUp, FreeCAD au programu ya makabati?

Rafu ya Juu: Wakuu, habari za kazi. Nataka kutengeneza makabati ya jikoni kwa vipimo vyangu: ya chini, ya ukutani na moja refu. Mashine kubwa sina, nina drili na nafasi ya kuunganishia tu. Nachora kwenye kompyuta, karakana inakata. Nimebaki na njia tatu: SketchUp (programu ya kuchora 3D) na kiongezi cha OpenCutList kinachotoa orodha ya vipande vya kukata, FreeCAD (ya kuchora kwa vipimo vinavyobadilishika), au programu ya makabati yenyewe kama Polyboard. Mtu wa jikoni moja inamfaa ipi?

Vumbi la Msumeno: Programu baadaye, mkuu. Kwanza uliza karakana ina mashine gani. Wenye msumeno wa shiti wanakata mistari iliyonyooka tu, toka ukingo hadi ukingo. Hao wanataka orodha: urefu, upana, idadi, ukingo upi unawekwa utepe (ukanda mwembamba wa kufunika ukingo uliokatwa), nyuzi za mbao zielekee wapi. Faili lako la DXF (mchoro wa kupelekwa kwenye mashine) hawana kazi nalo. Ukitaka matundu ya bawaba na mifereji ya mgongo, tafuta mwenye ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Mimi ni wa orodha, natoa kwenye OpenCutList, matundu natoboa kwa jigi (kiongozi cha drili). Kwa jikoni moja inatosha kabisa. Ila ujue SketchUp ya bure ya kwenye kivinjari haikubali viongezi.

Milimita: Hapo kwenye "inatosha" tunaachana. Kukata ni kazi ndogo, matundu ndiyo yanayomaliza siku. Rafu za kupandisha na kushusha zinataka matundu ya milimita 5, yakiachana milimita 32 kati kwa kati, safu ya mbele ikiwa milimita 37 kutoka ukingoni. Kila mlango unataka tundu la 35 kwa kikombe cha bawaba. Halafu mbavu za kabati (mbao zake za pembeni) hutazamana: ukitoboa kwa mkono umechoka, utajikuta na mbavu mbili za kushoto. Mimi natumia FreeCAD. Unene, upana na kina viko kwenye jedwali. Nikibadilisha 18 kuwa 17.6, rafu na mifereji yote inajirekebisha. Kujifunza kwake ni kugumu, sidanganyi mtu.

Rafu ya Juu: Samahani, 18 inageukaje 17.6?

Milimita: Plaiwudi ya "18" mara nyingi iko chini kidogo. Kabati la upana wa 600 kwa mbavu za 18 linataka kitako cha 564. Mbavu zikija 17.6 na kitako kimeshakatwa, kabati linatoka 599.2. Moja halikusumbui, lakini panga matano kwenye ukuta mmoja, tayari una pengo la milimita 4. Na ubao wa mgongo utachezacheza kwenye mfereji uliochimbwa kwa kipimo cha kwenye karatasi. Nunua shiti kwanza, lipime kwa kalipa sehemu kadhaa, ndipo umalize mchoro.

Mwenye Ruta: Mimi ndiye napokea mafaili yenu, kwa hiyo nisikilizeni. G-code (amri za kuendeshea mashine) msilete, siwezi kuendesha kwenye mashine yangu kitu kilichoandaliwa kwa nyingine. Leteni DXF, kipimo halisi, milimita. Kila kina kiwe na tabaka lake (layer) kwenye mchoro na jina la kueleweka: KATA, TUNDU_5_KINA_12, MFEREJI_KINA_8. Mistari ifungane. Duara liwe duara kweli: SketchUp kwa kawaida hulichora kwa vipande 24 vilivyonyooka, nami nalazimika kuyachora matundu upya. Kupanga vipande kwenye shiti niachieni, naujua upana wa biti yangu (kisu cha ruta) na vipande vidogo vinavyopenda kuhama mezani. Kona za ndani pia mzifikirie: biti ya milimita 6 inaacha mviringo wa nusu kipenyo cha 3. Ama mchore kishimo kidogo konani, ama mmalizie kwa patasi.

Dada Utepe: Mbona utepe wa ukingoni hamuugusi? Karakana moja ilinikatia milango kwa kipimo cha mwisho, kisha ikaongeza utepe wa milimita 2 kila upande. Mlango mmoja umeongezeka milimita 4, na pengo nililoacha kati ya milango lilikuwa 3. Orodha ilisema "vipimo kamili", kila mtu akaelewa lake. Siku hizi naweka safu mbili, kabla ya utepe na baada ya utepe. OpenCutList inakutolea hesabu hiyo, ila lazima uiambie unene wa utepe.

Karakana Ndogo: Polyboard, Mozaik na wenzao ni kwa anayetengeneza makabati kila wiki. Unaweka kanuni zako mara moja, kisha kila kabati linazifuata. Faida yake naiona zaidi kwenye droo: reli nyingi za pembeni zinataka takriban milimita 12.7 kila upande, na programu inapunguza sanduku yenyewe. Kwa jikoni moja muda wote utaishia kuifundisha programu tabia zako.

Rafu ya Juu: Nimeuliza. Karakana ya karibu ina msumeno wa shiti na mashine ya utepe, CNC hawana. Basi ni SketchUp na orodha. Mwenye Ruta, nikikuletea mbavu za kabati refu na milango, vimekatwa na vina utepe tayari, unanitobolea tu?

Mwenye Ruta: Natoboa. Weka alama ya ukingo wa mbele kwenye kila ubavu, na uniambie kipimo kinaanzia juu au chini. Bawaba usiniandikie jina, niletee moja mkononi nipime kina cha kikombe na nafasi ya skrubu. Tutaanza na ubavu mmoja na mlango wake, uvifunge uone, ndipo niendelee na vingine.

Vumbi la Msumeno: Na shiti la ziada moja, mkuu. Muuzaji akiishiwa rangi hiyo, utahangaika.