Kiongozi anataka niungame mbele ya kikundi, lakini jambo langu lina mtu wa pili. Nifanyeje?

Mtafutaji (mleta uzi)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba mnisome hadi mwisho, hasa nyie mnaopenda kujibu kichwa cha uzi.

Niko kwenye kikundi cha maombi, watu kumi na kitu. Zamani tulikuwa tunasoma Neno, tunaombeana, tunatawanyika. Tangu tupate kiongozi mpya, kila mmoja anatakiwa aungame dhambi zake kwa sauti mbele ya wote kabla maombi hayajaanza. Andiko lake kubwa ni Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi", na akibanwa anaongeza Matendo 19:18, wale wa Efeso waliokuja kudhihirisha matendo yao. Ukipitisha zamu yako unaambiwa kuna kitu unaficha, na kwamba hicho ndicho kinachozuia maombi ya wenzako yasijibiwe.

Matokeo yake ni kwamba watu wazima wanatunga vidhambi. "Nilimjibu mtu kwa hasira." "Nimekuwa mlegevu katika kusoma Neno." Wiki inayofuata ni yale yale, kwa maneno yale yale. Wachache waliosema mazito ya kweli, mambo yao yalishatoka nje. Na katika kikundi hiki cha kuungama, hakuna hata mmoja aliyewahi kuungama umbea.

Mimi ninalo jambo. Ni la zamani, la kazini, na tulikuwa wawili. Nilitubu mbele za Mungu, baadaye nikamweleza mzee mmoja wa kanisa, tukaomba pamoja. Sasa kiongozi anasema ameonyeshwa kwamba nimebeba mzigo na sitakuwa huru mpaka niuseme pale. Nikiusema, mwenzangu atajulikana papo hapo, maana wote wanajua nilifanya kazi na nani. Je, kunyamaza kwangu ni unafiki?

Chumvi

Hama kikundi. Uzi ufungwe.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Chumvi ana haraka, ila simlaumu.

Mimi ni Mkatoliki, najua wengi humu hamuungami kwa padri, lakini sikilizeni jambo moja kutoka kwetu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 979, zinamwagiza padri awe na busara anapouliza maswali katika kitubio, na ajizuie kabisa kuuliza jina la mtu aliyeshiriki dhambi. Huyo ni padri, ambaye kwa kanuni ya 983 amefungwa asitoe siri ya kitubio kwa namna yoyote. Mtu aliyefungwa mdomo kiasi hicho bado anakatazwa kuuliza ulikuwa na nani. Sasa kikundi cha watu kumi na kitu, ambao hakuna kilichowafunga, wana haki gani ya kujua?

Na hili la kusomeana dhambi hadharani si jipya. Mwaka 459 Papa Leo Mkuu aliwaandikia maaskofu wa Campania, Italia, akikataza desturi ya kuandika dhambi za watu na kuzisoma mbele ya watu. Alisema watu watakimbia toba, wengine kwa aibu, wengine kwa kuogopa kwamba adui zao watapata cha kuwashtakia. Hayo uliyoyaona, mleta uzi, aliyaona.

Nuru ya Asubuhi

Shalom. Mimi nitapinga kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa mlevi wa kujificha. Nilitubu kwa Mungu peke yangu miaka mingi, na kila nilipotubu nilikuwa na chupa nyingine mahali. Kilichonitoa ni kuwaambia ndugu watatu, uso kwa uso, kwa maneno yasiyo na mapambo. Tangu hapo wananiuliza, nami siwezi kuwadanganya kwa sababu wanajua kila kona ya ujanja wangu. Hilo "nimeongea na Mungu wangu inatosha" ndilo pango ambalo wengi wetu tumelala ndani yake. Mithali 28:13 imesema afichaye dhambi zake hatafanikiwa. Tusimpe ndugu yetu maficho kwa sababu tu kiongozi wake hana hekima.

Bibi Msomaji

Nuru, umesema watatu. Uliwachagua mwenyewe?

Nuru ya Asubuhi

Ndiyo mama, niliwachagua. Wawili walikuwa wameshanipa siri zao kwanza.

Bibi Msomaji

Basi hujapinga kitu, mwanangu. Ya kwako na ya kwao ni vitu viwili. Yakobo anaanza mstari wa 14, mtu amelala mgonjwa, anawaita wazee, wanampaka mafuta na kumwombea. Mgonjwa ndiye anayeita. Sijaona mahali wazee wanazunguka nyumba kwa nyumba wakidai orodha. "Ninyi kwa ninyi" maana yake na kiongozi naye anaungama kwenu. Huyo wenu anaungama nini zamu yake ikifika?

Mtafutaji (mleta uzi)

Mama, yeye huwa anafunga kwa maombi. Sijawahi kuona zamu yake ikifika.

Chumvi

Narudia: hama.

Tabitha wa Pili

Nimesita kuandika. Mimi ndiye "mtu wa pili" wa mtu mwingine.

Kaka mmoja aliungama katika ushirika wetu jambo lililotuhusu sisi wawili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshatubu, nimeshajenga upya maisha yangu. Yeye alisimama, akalia, akakumbatiwa, wakaimba. Jina langu hakulitaja, akasema tu "dada mmoja tuliyekuwa tunaimba naye". Kwaya ile ilikuwa na akina dada wanne. Wiki nzima watu waliishi kwa kuhesabu. Hakuna aliyeniuliza kama niko tayari, na mpaka leo yeye anatoa ushuhuda wa siku ile kama siku ya uhuru wake.

Simchukii. Ila nakuomba, mleta uzi, dhambi iliyofanywa na wawili ina nusu ambayo si yako. Ungama yako.

Mtoza Ushuru

Dada Tabitha, pole sana. Hilo ndilo lilipaswa kuwa jibu la kwanza la uzi huu.

Sasa niulize kitu ambacho wote mmekiruka. Mleta uzi, umesema umetubu kwa Mungu, ukamweleza mzee wa kanisa, na sasa unabishana na kikundi. Umesema jambo lilikuwa la kazini. Aliyekosewa ni nani? Maana simwoni popote kwenye maelezo yako. Kama kuna mtu alipoteza kitu kwa sababu yenu wawili, basi kiongozi wako amekosea mlango, lakini huenda hajakosea kwamba kuna mlango haujagongwa.

Mtafutaji (mleta uzi)

Umenishika pabaya.

Tulikuwa tunadai malipo ya saa za ziada ambazo hatukufanya. Mimi naandika, yeye anasaini, tunagawana. Ilikwenda hivyo muda, kisha mimi nikaokoka na nikaacha kazi ile. Ofisi ipo hadi leo. Hawakugundua. Mzee niliyemweleza alisema damu ya Yesu imefuta yote, nisirudi nyuma kufukua. Nilifurahi sana kusikia hivyo, labda kupita kiasi. Mwenzangu bado yuko pale, amepanda cheo, ana familia.

Mtoza Ushuru

Asante kwa kusema wazi. Sina jiwe la kukurushia, angalia jina nililojipa humu.

Hesabu 5:6-7 ni fupi na haina kona: aungame dhambi aliyoifanya, arudishe kwa ukamilifu, aongeze sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosa. Zakayo katika Luka 19 alizidisha, mara nne. Na tazama mpangilio wa siku ile: Yesu alikwenda kwake kwanza, halafu ndipo akasimama na kusema atarudisha. Hakulipa ili apokewe, alipokewa kisha mkono ukafunguka wenyewe. Kwa hiyo mzee wako hajadanganya kuhusu damu. Amekosea alipoitumia kufuta deni ambalo mkopeshaji bado yuko ofisini na mlango anao.

Kile kikundi hukukiibia. Hakikudai. Hakina la kukusamehe katika jambo hili. Ukiungama pale utapata machozi na makofi, na ofisi itabaki na hasara yake ile ile. Yuda naye aliungama, tena kwa maneno safi kabisa, kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Alikwenda kwa makuhani walewale waliomnunua, wakamjibu hayo yanatuhusu nini. Ukweli ukipelekwa kwa watu wasio wake unaweza kukuua.

Mjuzi wa Mahakama

Niingie upande wa sheria, maana humu watu wa rohoni mnaweza kumpeleka ndugu jela huku mnaimba.

Kudai malipo kwa maandishi ya uongo ni kosa la jinai karibu kila mahali. Barua ya kukiri ni ushahidi. Sikwambii usikiri, nakwambia zungumza na wakili kabla hujaandika mstari hata mmoja, akueleze sheria za nchi yako zinasemaje na njia gani ya kurudisha fedha iko wazi. Usipeleke barua inayosema "sisi". Sema "mimi nilidai, mimi nilipokea". Wakikuuliza aliyesaini, hapo utakuwa umeshajua kwa wakili wako unajibu nini bila kusema uongo.

Katekista Mstaafu

Kuna njia ya kati pia. Kwetu mtu aliyechukua kisicho chake analazimika kurudisha, lakini halazimiki kujianika. Padri anaweza kumfikishia mwenyewe fedha bila kutaja jina la aliyezitoa. Haki inatimizwa, watu hawaangamii.

Nuru ya Asubuhi

Katekista, kwa heshima, hapo sikubaliani. Bahasha isiyo na jina inarudisha fedha lakini hairudishi ukweli. Ofisi itaanza kumshuku mtu mwingine.

Mtoza Ushuru

Na mimi naegemea kwa Nuru. Mstari wa 8 wa sura ileile ya Hesabu unasema malipo yanakwenda kwa kuhani pale ambapo aliyekosewa hana hata jamaa wa kupokea. Hapa mwenyewe yupo. Lakini Katekista amegusa jambo: kama kujitaja kwake ni sawa na kumtaja mwenzake, basi njia yake ina uzito. Mimi nisingeifunga.

Bibi Msomaji

Nyie mnabishana kuhusu bahasha, na kuna mtu hajaambiwa chochote. Yule mwenzake. Anakwenda kazini kila asubuhi akidhani jambo lilishakufa. Wa kwanza kujua lazima awe yeye, na apewe muda. Huenda na yeye halali. Huenda mkaenda pamoja. Akikataa, utakuwa umemtendea haki, na yako utaifanya. Mathayo 18:15 inaanzia "wewe na yeye peke yenu".

Tabitha wa Pili

Bibi, ningeambiwa mimi kabla, ningeumia, lakini ningeumia nikiwa nimevaa nguo.

Mtafutaji (mleta uzi)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nilikuja kuuliza kama nina haki ya kunyamaza kwenye kikundi, naona haki hiyo ninayo, lakini nilikuwa naishikilia kwa nguvu zote ili nisitazame kule kwingine.

Kwenye kikundi, zamu yangu ikifika nitasema: ninalo jambo, linashughulikiwa na wanaohusika, sitalieleza hapa, mniombee. Kiongozi akisema nazuia maombi, nitamwomba yeye aanze. Wakili nitamtafuta wiki hii. Ila kabla ya yote nataka kumweleza mwenzangu. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia ujumbe mrefu usiku huu.

Mjuzi wa Mahakama

Ufute huo ujumbe sasa hivi. Wakili kwanza, hata kabla ya mwenzako.

Bibi Msomaji

Ukishaonana na wakili, mtafute mwenzako ana kwa ana, siku ambayo si ya kazi. Usianze na maandiko. Anza na "mimi".